Mtoto wa Shule Hataki Kula, Hakui au Anasinzia Darasani: Namna ya Kutafuta Kasoro ya Mlo

Kwa miaka niliyokuwa mwalimu wa afya katika shule moja ya msingi hapa Ujiji, malalamiko ya wazazi yamekuwa yaleyale kila muhula, na mara nyingi mzazi huyaleta akiwa tayari ameshika chupa ya dawa mkononi. Kigoma si mkoa wa njaa. Ziwa Tanganyika linatupa dagaa na migebuka, Kasulu na Kibondo zinatuletea maharage, michikichi inatupa mawese, na maembe huoza chini ya miti. Kasoro ninayoikuta mara kwa mara haiko ghalani, bali iko kwenye saa ya kula na kwenye mgawanyo wa sahani, nazo ndizo sehemu ambazo mzazi huzikagua mwisho, baada ya fedha kuishia duka la dawa. Kwa hiyo, chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayotokea zaidi, nikamalizia na ile ya nadra, na nimeonyesha mahali ambapo mzazi anapaswa kuacha kujaribu na kumpeleka mtoto zahanati.

Kabla ya kusoma dalili yoyote, fanya kazi mbili zisizogharimu kitu. Kwanza, kwa siku tatu mfululizo, mojawapo ikiwa Jumamosi au Jumapili, andika kila kinachoingia kinywani mwa mtoto pamoja na saa yake, ikiwa ni pamoja na barafu, bisi na ubuyu wa njiani. Pili, mpime uzito na umchoree mstari wa penseli ukutani juu ya kichwa chake. Mtoto wa miaka 5 hadi 10 kwa kawaida huongezeka kilo 2 hadi 3 na sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Hivyo mtoto mwembamba ambaye mstari wake unapanda hana tatizo kubwa kama yule wa wastani ambaye mstari wake umesimama mwaka mzima.

Anasinzia darasani kabla ya mapumziko ya saa nne

Sababu inayoongoza, tena kwa mbali, ni tumbo tupu. Mtoto huamka saa kumi na moja na nusu, hunywa kikombe cha chai ya rangi chenye vijiko vitatu vya sukari, kisha hutembea nusu saa hadi shuleni, na ifikapo saa tatu sukari ile imekwisha mwilini wala hakuna kitu kingine nyuma yake. Uchunguzi ni mwepesi: tazama ulichoandika katika zile siku tatu, na ukikuta asubuhi ni chai kavu, au chai na andazi moja, usitafute mchawi mwingine kwanza.

Hata hivyo, kumpa mtoto kifungua kinywa si sawa na kuhakikisha kwamba amekila. Mwanangu wa pili alipokuwa darasa la tatu, mwalimu wake aliniita mara mbili katika wiki moja kwa sababu alikuwa akilala juu ya daftari. Mimi, mwalimu wa afya mzima, nikakimbilia duka la dawa nikanunua dawa ya kuongeza hamu ya kula, na mtoto akazidi kusinzia. Baadaye ndipo niliposoma kikaratasi cha ndani na kuona kwamba ni dawa ya jamii ya dawa za mzio, ambazo huleta usingizi. Jumamosi moja nikamwaga mkoba wake ili niufue. Chini ya madaftari kulikuwa na vipande vinne vya muhogo wa kuchemsha, vimekauka kama chaki, na kimoja kimeota ukungu wa kijani. Alikuwa akiona haya kula muhogo mbele ya wenzake wenye maandazi, na kila siku alirudi nyumbani akaniambia amekula.

Tangu hapo, ninachowashauri wazazi ni mtoto aketi na kula nyumbani kabla hajavaa viatu, hata kama ni dakika kumi tu. Uji mzito wenye karanga zilizosagwa humshikilia hadi mapumziko, na vivyo hivyo viazi vitamu pamoja na maharage ya jana yaliyopashwa moto, au muhogo pamoja na yai. Unga wa lishe unaochanganywa nafaka sita, soya, karanga na dagaa katika mfuko mmoja hauna faida ya ziada kama wanavyodai wauzaji: nafaka moja au mbili zinatosha, soya mbichi isiyochemshwa au kukaangwa huzuia usagaji wa protini tumboni, na karanga zikikaa ndani ya unga kwa wiki nyingi huchacha na huweza kuota ukungu. Ni afadhali karanga zisagwe kidogo kidogo na kuongezwa wakati uji unapochemka. Karanga au mahindi yenye ukungu, yaliyosinyaa au yenye ladha chungu yatupwe, kwa maana sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa.

Sababu ya pili ni kulala saa tano usiku kwa ajili ya televisheni au kazi za nyumbani, na hiyo mzazi anaijua mwenyewe. Ya tatu ni mchana usio na chakula: elimu ya msingi hutolewa bila ada, lakini uji na makande ya shuleni bado hutegemea michango ya wazazi, kwa hiyo muulize mwalimu, si mtoto, kama jina lake limo kwenye orodha ya wanaokula. Ya nne ni malaria au upungufu wa damu, ambao nitaueleza zaidi hapo chini.

Acha kujaribu nyumbani ikiwa mtoto ana homa, anatapika, anaumwa kichwa sana, ameshikwa na degedege, au ni vigumu kumwamsha. Hapo hakuna suala la uji. Anapaswa kupimwa malaria siku hiyohiyo.

Anakataa chakula cha nyumbani

Kabla ya kumwita mtoto mchaguzi, hesabu shilingi anazopewa. Mia tano ya kila siku hununua barafu, visheti na juisi ya unga, na mtoto aliyekula hivyo saa tisa alasiri hawezi kuwa na njaa ya ugali saa kumi. Ondoa fedha hiyo kwa wiki moja, mpe karanga za kukaanga au ndizi mbivu abebe, kisha utazame sahani yake ya jioni. Katika nyumba nyingi nilizofuatilia, tatizo liliishia hapo.

Ikiwa halikuishia hapo, tazama chai na maji yanayotangulia chakula. Mtoto anayekunywa vikombe viwili vya chai akisubiri mboga iive ameshajaza tumbo. Kisha tazama sahani yenyewe: wapo watoto wanaokula na kaka zao wakubwa katika sinia moja, ambamo mkono mdogo hufika kwenye dagaa wakati dagaa wameshakwisha, na kinachobaki ni ugali mtupu ambao hata mtu mzima angeukataa. Mtengee sahani yake. Sinia la pamoja lina adabu yake na sina ugomvi nalo, lakini lisitumike kumlisha mtoto wa miaka saba mpaka mtu mzima akae upande wake na kumsogezea mboga.

Chini zaidi katika orodha kuna jino lililooza, vidonda vya kinywani na minyoo. Mwambie aachame mwangani, umulike na simu. Mtoto anayetafuna upande mmoja, au anayependa uji tu na kukwepa vigumu, huwa na jino linalouma ingawa hasemi. Kuhusu minyoo, shule hugawa dawa kwa kampeni, na ukitaka kujua kama mtoto alipata, muulize mwalimu badala ya kumnywesha tena kwa kubahatisha.

Kumlazimisha kwa fimbo hakujawahi kufanya kazi mbele ya macho yangu. Kinachofaa ni kuileta mboga aliyoikataa mara nyingi, kidogo kidogo, karibu na kile anachokipenda, na mzazi mwenyewe aile mbele yake. Mtoto anayekataa kila aina ya chakula kwa zaidi ya siku mbili, anayeshindwa kumeza, au anayelalamika maumivu ya tumbo yanayomwamsha usiku, apelekwe kwa mganga wa zahanati.

Anakula sana lakini mstari wa ukutani haupandi

Hii ndiyo dalili inayowashangaza wazazi wengi, kwa sababu wanaona mlima wa ugali unakwisha. Jibu la kawaida ni kwamba mlima ule ni wa wanga peke yake. Unga wa muhogo hushibisha upesi, lakini una protini kidogo kuliko hata unga wa mahindi, kwa hiyo mtoto anayekula ugali wa muhogo na mchuzi uliopitiwa na dagaa watano anashiba bila kupata cha kujengea mwili. Gawa sahani upya: wanga usizidi nusu, na nusu iliyobaki igawane dagaa au maharage na mboga za majani, huku tunda likifuata. Kwa dagaa, kipimo ninachokitumia ni kiganja cha mtoto mwenyewe kilichojaa dagaa wakavu, na vichwa visitupwe, kwa kuwa kichwa na mifupa ndiko kwenye kalisi. Uzuri wa dagaa mkavu ni kwamba karibu nusu ya uzito wake, au zaidi, ni protini, na ni nyama chache sana zinazomfikia kwa bei.

Nimewasikia akina mama wa mwaloni Kibirizi wakisema kwamba dagaa wazuri ni wa kuuza na wa nyumbani ni makombo. Ninauelewa ulazima huo, maana fedha ndiyo inayolipa sare na madaftari. Hata hivyo, ndoo inapopimwa kwa mnunuzi, kiganja cha kila mtoto kitolewe kwanza, kabla hesabu haijaanza.

Sehemu ya pili ya kukagua ni jinsi chakula kinavyopikwa. Magadi yanayowekwa kwenye maharage na kwenye kisamvu, ambacho wengi hapa tunakiita sombe, hulainisha chakula na kupunguza kuni, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kumwagwa maji huiva upesi bila magadi. Sombe yenyewe ni lazima itwangwe na kuchemshwa sawasawa, na muhogo mchungu uvundikwe na kukaushwa kikamilifu, kwa sababu una sumu ya sianidi. Miaka ya shida, watu wanapofupisha siku za kuvundika ili wasage haraka, ndipo hatari hiyo huongezeka. Mtoto aliyekula muhogo kisha akapata kizunguzungu na kutapika, au ambaye miguu yake yote miwili imekakamaa ghafla, awahishwe hospitali.

Ikiwa sahani imerekebishwa kwa miezi mitatu na mstari bado umesimama, sababu inayobaki huwa ni ugonjwa. Kwa watoto wa kandokando ya ziwa, wanaooga na kuteka maji humohumo, kichocho cha tumbo kiulizwe mapema, hasa kama kuna damu kwenye choo au tumbo limevimba. Dawa yake, inayogawiwa shuleni, hunywewa baada ya kula, na wazazi waliowakataza watoto wao kwa sababu ya kizunguzungu cha mwaka uliopita mara nyingi walikuwa wamewapeleka shuleni na tumbo tupu.

Usisubiri miezi mitatu ikiwa mtoto anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, amevimba miguu na uso, nywele zake zimebadilika rangi na kukatika, au anakunywa maji mengi, anakojoa mara kwa mara na kupungua uzito kwa kasi. Dalili hizi za mwisho zinaweza kuwa za kisukari, ambacho huwapata watoto pia na huua kikicheleweshwa; mtoto huyo apimwe sukari siku hiyohiyo.

Viganja na ndani ya kope ni vyeupe, anachoka upesi, anakula udongo

Mtoto anayelamba udongo wa ukuta mvua inapoanza kunyesha hana utovu wa adabu; mara nyingi mwili wake umepungukiwa madini ya chuma. Geuza kope lake la chini na ulilinganishe na la ndugu yake mwenye afya. Ikiwa ni jeupe zaidi, kipimo cha wingi wa damu hufanyika hata katika zahanati nyingi. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, chini ya gramu 11.5 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu.

Upande wa mlo, kosa kubwa ni chai inayonywewa pamoja na chakula au mara tu baada yake, kwani hupunguza chuma ambacho mwili ungekipata katika maharage na mboga za majani. Iahirishe chai kwa saa moja au mbili, na mahali pake weka kipande cha papai, embe, chungwa, au limau lililokamuliwa juu ya lengalenga (mchicha), kwa kuwa vitamini C husaidia chuma hicho kufyonzwa. Samaki, nyama na maini huleta chuma kinachofyonzwa kwa urahisi zaidi, hata vikiliwa kidogo. Kwa wasichana walioanza hedhi, hitaji ni kubwa kuliko la kaka zao, ilhali katika nyumba nyingi kipande kikubwa cha migebuka huwekwa kwa kaka.

Nje ya mlo, malaria ya mara kwa mara na minyoo ya safura, inayoingia kupitia ngozi ya miguu isiyo na viatu, hupunguza damu kuliko chakula kinavyoweza kuirudisha. Usimpe mtoto vidonge vya chuma bila kupimwa, kwa sababu mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, anahitaji uangalizi wa daktari, na vidonge vinavyoachwa mahali penye mtoto mdogo vimekuwa sumu. Ukiona anahema akiwa amekaa, moyo unaenda mbio, macho yamekuwa ya manjano au mkojo mweusi, nenda moja kwa moja kituo cha afya au Hospitali ya Maweni.

Anajikwaa magharibi, choo kigumu, au ananenepa kupita kiasi

Mtoto anayeona vizuri mchana lakini anapapasa giza linapoingia huenda amepungukiwa vitamini A. Matone yanayogawiwa kliniki ni ya watoto wa miezi 6 hadi 59, kwa hiyo wa shule hutegemea chungu cha nyumbani, na hapa Kigoma tuna mawese, ambayo wekundu wake ndio chanzo cha vitamini hiyo. Tabia ya kuyaunguza mpaka yawe meupe ili harufu iishe huondoa kile tulichokuwa tukikitaka. Yatie yakiwa mekundu, kijiko kimoja au viwili vya chakula katika mboga ya familia ndogo, pasipo kuzidisha, kwani ni mafuta mazito. Mapapai, maembe, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na majani ya maboga husaidia vilevile. Jicho likiwa kavu, lenye doa jeupe au lenye maumivu, lionwe na mtaalamu siku hiyohiyo.

Choo kigumu karibu kila mara ni maji machache, unga uliokobolewa na kukosa matunda, au mtoto anayekizuia choo kwa sababu vyoo vya shule vinamtisha. Damu nyingi au tumbo lililojaa na kutapika ni vya hospitali.

Unene nao umefika Mwanga na Gungu hapa Kigoma mjini, na chanzo chake si siri: soda, chipsi, sukari ya chai na kukaa. Usimnyime chakula mtoto anayekua. Ondoa vinywaji vya sukari na umwache acheze, kwani Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 60 za kutumia mwili kila siku kwa umri huu.

Afya yake hupanda na kushuka kwa majira

Wako watoto ambao uzito wao hupanda miezi kadhaa na kusimama mingine, na wazazi hudhani ni ugonjwa unaojirudia. Katika nyumba za wavuvi, linganisha tarehe za kupima na kalenda ya ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi mboga hupungua. Na mwaka 2024, Serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, sahani nyingi zilibaki na ugali na chumvi, jambo ambalo lingeweza kupunguzwa kwa maandalizi, kwani tangazo lilitangulia.

Akiba iliyo rahisi ni debe la maharage linalonunuliwa wakati wa mavuno, kuku wawili watatu wa mayai, na dagaa wa nyumbani waliokaushwa wenyewe. Waanike juu ya kichanja na si mchangani, wageuzwe mara kwa mara juani hadi wavunjike kwa kidole bila kupinda, kisha wapoe kabla ya kuwekwa katika ndoo yenye mfuniko, mbali na sakafu. Kila baada ya wiki mbili fungua na unuse. Wakiwa na unyevu, warudishwe juani, na wakiwa na ukungu au funza, wasipewe mtoto wala kuku.